Mkataba wa simu, jikoni pasiposhika mtandao, na zile siku 14

Swali: Kaka, shikamoo. Mimi natunza wazee majumbani, naishi kijijini nje ya Hereford, huku Uingereza. Siku tisa zilizopita niliingia dukani mjini nikachukua simu mpya kwa mkataba wa miezi 24. Kijana wa dukani aliingiza postikodi yangu kwenye kompyuta, akaniambia kwetu mtandao uko vizuri, na kwamba nikibadili mawazo nina siku 14. Nilipofika nyumbani, jikoni simu haishiki kabisa, na chumbani inashika ukisimama dirishani tu. Ofisi ikinipigia kuhusu zamu sipatikani. Nimerudi dukani, meneja anasema mkataba uliosainiwa dukani haughairiwi. Haki yangu ya siku 14 imeenda wapi? Halafu mume wangu anakuja mwezi ujao kutoka Tanga na simu aliyonunua Kariakoo. Tumchukulie mkataba gani ili naye yasimkute?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile ambalo hutalipenda: kwa upande wa sheria ya siku 14, meneja yuko sahihi. Siku hizo zipo, ila zinategemea mkataba ulifungwa wapi, na ubovu wa mtandao hauingii kwenye hesabu hiyo. Kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika Juni 2014, zinampa haki ya kughairi mtu aliyenunua kwa mbali, yaani kwa intaneti au kwa simu, na yule aliyefuatwa na muuzaji nyumbani kwake. Sababu ni kwamba wa kwanza hakupata nafasi ya kukishika kitu mkononi, na wa pili alikuja kushawishiwa mlangoni bila kujiandaa. Aliyeingia dukani kwa miguu yake, sheria inamchukulia kuwa aliona, akauliza, akaamua. Kwa hiyo simu ileile, kampuni ileile, bei ileile: ukiiagiza ukiwa kitandani una siku 14, ukiisaini kaunta huna hata moja.

Kuna mtego hapo katikati unaowanasa wengi. Mtu anachagua simu kwenye tovuti, kisha anakwenda kuichukua dukani. Kama alikamilisha kila kitu kwenye tovuti, akapata uthibitisho kwamba mkataba umefungwa, haki ya kughairi anayo. Kama tovuti ilimwekea simu tu, na kusaini akasainia kaunta, huo ni mkataba wa dukani. Kwa hiyo kabla hujakubali neno la meneja, fungua barua pepe zako uangalie uthibitisho ulitumwa lini na unasemaje. Kwa maelezo yako wewe ulisaini dukani, lakini angalia hata hivyo.

Hiyo haina maana umefungiwa milango yote. Mlango wa kwanza ni utaratibu wa kampuni yenyewe. Baadhi ya mitandao na maduka huwapa wateja muda wa kurudisha simu au kuvunja mkataba endapo mtandao haushiki kwao, kwa hiari yao, nje ya sheria. Ahadi hiyo huandikwa kwenye masharti au kwenye tovuti, na muda wake ni mfupi. Uko siku ya tisa, kwa hiyo litafute leo. Usimuulize meneja, ingia kwenye masharti ya kampuni na usome sehemu ya marejesho na sehemu ya mtandao.

Mlango wa pili ni maneno ya yule kijana, na hapa nataka usome polepole. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inasema kwamba yale muuzaji anayokuambia kuhusu huduma, kwa mdomo au kwa maandishi, kama uliyategemea katika kuamua, yanahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Masharti ya kampuni karibu zote yanasema hawamhakikishii mtu mtandao kila mahali, na kwa sentensi hiyo peke yake wangekushinda. Lakini wewe hukununua kwa sentensi hiyo. Ulitoa postikodi, mtu wao akaitazama kwenye mfumo wao, akakuambia kwako panashika. Akakuambia pia kuhusu siku 14. Hayo mawili ndiyo hoja yako. Sikuahidi kwamba yatatosha, kwa sababu utahitaji kuonyesha kuwa yalisemwa, na hapo ndipo kesi nyingi zinapokufa. Kwa hiyo keti leo uandike: tarehe, saa, jina lililokuwa kwenye beji yake kama unalikumbuka, nani alikuwa na wewe, alisema nini. Kama mliwasiliana kwa ujumbe au barua pepe, hifadhi. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ya tisa ina uzito kuliko iliyoandikwa miezi mitatu baadaye.

Mlango wa tatu ni simu yenyewe. Toa laini yako uiweke kwenye simu ya jirani au ya mfanyakazi mwenzako, msimame palepale jikoni. Ikishika vizuri kwake na kwako haishiki, tatizo si mnara, ni kifaa chako, na hapo mambo yanabadilika kabisa: bidhaa mbovu unaweza kuikataa ndani ya siku 30 na kurudishiwa fedha, hata kama uliinunua dukani. Ni jaribio la dakika tano, na ajabu ni watu wachache wanaolifanya.

Kama si kifaa, peleka malalamiko rasmi kwa kampuni ya mtandao, kwa maandishi, na utumie hilo neno: malalamiko. Ukipiga simu huduma kwa wateja ukasema tu mtandao unasumbua, watakuandikia tatizo la kiufundi, wakutumie ujumbe wa kuzima na kuwasha simu, na saa ya malalamiko haianzi kuhesabiwa. Omba namba ya kumbukumbu. Sema unachotaka: warekebishe, na wakishindwa, wakuachie bila gharama ya kuvunja mkataba au wakupunguzie bei. Zikipita wiki 6 bila suluhu (zilikuwa 8 hadi Aprili 2026), au wakikuandikia mapema kwamba hawana zaidi la kufanya, unapeleka shauri kwa msuluhishi huru. Wako wawili kwa sekta hii, Communications Ombudsman na CISAS, na kila kampuni lazima iwe chini ya mmojawapo. Hulipi kitu, na ukikubali uamuzi wake kampuni inabanwa nao. Ukitaka mtu wa kukusikiliza kabla ya hapo, Citizens Advice, shirika linaloshauri watu bure, wana namba ya bure ya masuala ya walaji, 0808 223 1133.

Jambo moja nakusihi usilifanye, maana najua utashauriwa na marafiki: usikate malipo ya kila mwezi benki kwa hasira. Kampuni haitauona mgomo wako, itaona deni. Deni la simu lisilolipwa linaingia kwenye rekodi yako ya mikopo na alama yake inakaa miaka 6. Nimekaa na watu wetu wazuri, wachapakazi, walionyimwa mkopo wa nyumba au wakaombwa kodi ya miezi kadhaa mbele kwa sababu ya bili ya simu ya miaka iliyopita ambayo wao waliamini walikuwa na haki ya kutoilipa. Lipa huku unalalamika. Ukishinda utarudishiwa.

Wakati hayo yanaendelea, washa upigaji simu kwa Wi-Fi. Uko kwenye mipangilio ya simu, upande wa laini. Ukiwa na Wi-Fi nyumbani, ofisi itakupata jikoni kwa namba yako ya kawaida, bila programu yoyote. Inakusaidia kesho asubuhi, ila isikufanye uache malalamiko: umeme ukikatika kwenye dhoruba, Wi-Fi inazima, na kijijini hilo si jambo la kubuni. Na ujue hili kwa usalama wako na wa wazee unaowatunza: simu ya dharura ya 999 inapita kwenye mtandao wowote unaoshika hapo ulipo, hata kama wa kwako haupo. Usiogope kuipiga kwa sababu tu huoni vijiti vya mtandao wako.

Sasa, kwa nini kompyuta ya dukani iliona mtandao na jiko lako halioni? Kwa sababu ramani ile si kipimo kilichochukuliwa nyumbani kwako. Ni hesabu ya kompyuta: mnara uko wapi, una nguvu gani, vilima vimekaaje, kisha inakisiwa kinachofika mtaani. Nje ya mlango wako pengine ramani ni kweli tupu. Kuta ndizo zinazobadilisha mambo. Nyumba za zamani za upande wa Hereford ni za mawe mazito, na nyumba mpya nazo zimejaa mbao za kuzuia baridi zenye karatasi ya alumini, na vioo vyenye utando wa chuma usioonekana. Vyote hivyo vinarudisha mawimbi nje. Masafa ya chini, kama ya 800 MHz, yanapenya ukuta na kufika mbali. Masafa ya juu yanabeba data nyingi lakini yanachoka mapema. Ndiyo maana mtu anaona 5G barabarani na ndani haoni kitu. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ana ramani yake iitwayo Map Your Mobile, aliyoizindua 2025, inayolinganisha mitandao yote kwa postikodi na kuweka pia vipimo kutoka kwenye simu za watu. Ni bora kuliko ramani ya muuzaji, kwa kuwa Ofcom hauzi laini. Itumie kuchuja, uondoe mtandao ambao ni dhahiri haupo. Kuamua, utaamua kwa kupima mwenyewe.

Na kupima ni kazi nyepesi, tena sisi tumeizoea. Nyumbani Tanzania mtu ana laini mbili au tatu, akienda kijijini anajua ipi inashika. Huku tunafika, tunaona duka la kioo na kijana mwenye tai, tunaiacha akili hiyo uwanja wa ndege. Irudishe. Uingereza yote, majina ya kampuni yakiwa mengi kiasi hicho, minara inatokana na mitandao minne: EE, O2, Vodafone na Three. Waliobaki wanapanga humo. Lebara inatumia minara ya Vodafone. Giffgaff na Tesco Mobile zinatumia O2. Smarty iko juu ya Three. Lycamobile ilihamia EE. Kwa hiyo huhitaji mkataba wa miezi 24 kuujua mtandao. Unahitaji laini ya kulipia kabla, nyingine zinatumwa bure kwa posta, na kifurushi kidogo cha mwezi mmoja. Vodafone na Three ziliungana mwaka 2025 na zinaendelea kuunganisha minara yao, kwa hiyo alichokuambia jirani miaka miwili iliyopita kuhusu hizo mbili usikitegemee.

Laini ikifika, jambo la kwanza zima Wi-Fi. Hili ndilo kosa kubwa la wanaojaribu: WhatsApp inafanya kazi, video ya mama inaonekana safi, mtu anasema mtandao mzuri, kumbe ni Wi-Fi ya nyumba muda wote. Ukishazima, piga simu ya kawaida kwa mtu anayeweza kukaa na wewe kwenye laini, anza sebuleni, ingia jikoni, panda ngazi, ingia bafuni ufunge mlango, simama kando ya kitanda pale unapoweka simu usiku. Muulize anakusikiaje kila unaposogea. Rudia saa mbili usiku, watu wakiwa wote nyumbani, kwa sababu mnara uliojaa unaonyesha vijiti vyote na bado ujumbe hauendi. Kisha itembee na wewe kazini: kituo cha basi, na nyumba za wazee unaowazungukia. Kwako wewe nyumba hizo ni muhimu kuliko sebule yako.

Vijiti usiviamini sana. Kila mtengenezaji anavichora apendavyo, vitatu kwenye simu hii ni viwili kwenye ile. Namba ni bora. Kwenye Android nyingi ingia mipangilio, maelezo kuhusu simu, hali ya laini, utaona nguvu ya mtandao kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* itafungua ukurasa wa vipimo. Kwa 4G, ukiona hasi 90 au karibu na sifuri zaidi ya hapo, uko salama. Hasi 110 ni dhaifu, utapiga lakini sauti itakatika ukigeuka. Hasi 120 hesabu kwamba hakuna mtandao. Andika namba kwa kila chumba. Karatasi hiyo ina faida mara mbili: inakuchagulia mtandao, na kwenye malalamiko yako ya sasa ni ushahidi ambao msuluhishi anauelewa bila maelezo.

Nije kwa shemeji na simu ya Kariakoo. Hapa usiangalie mtandao tu, angalia na simu. Mitandao ya Uingereza imezima 3G. Simu isiyoweza kupiga sauti juu ya 4G inalazimika kushuka hadi 2G kila inapopigwa, na Three haina 2G kabisa, kwa hiyo huko inaweza kupata intaneti vizuri na isipige wala kupokea. Simu nyingi zilizouzwa kwa soko letu zina masafa sahihi, lakini uwezo huo wa sauti hufunguliwa na mtengenezaji kwa kila nchi na kila mtandao, na simu ya soko la nje inaweza kuwa haijafunguliwa. Kuijua ni rahisi: atie laini ya hapa, azime Wi-Fi, apige simu, na wakati anaongea atazame juu ya kioo. Alama ya 4G ikibaki, iko sawa. Ikigeuka kuwa E au 2G, au ikatoweka, simu hiyo itamsumbua vijijini hata kama laini ni nzuri. Afanye jaribio hili kabla hajaingia mkataba wowote wa laini kwa ajili ya simu hiyo.

Ikipita, simwoni akihitaji mkataba mrefu hata kidogo. Amefika, hana rekodi ya mikopo Uingereza, maombi ya mkataba wa simu yanaweza kukataliwa. Laini ya kulipia kabla, mwezi kwa mwezi, haimuulizi rekodi hiyo. Akilipa vizuri bili za nyumba kwa jina lake, rekodi inaweza kujengeka, na simu mpya ataitafuta baadaye. Mkisema bado mnataka simu ya mkopo, kumbukeni kwamba mara nyingi siku hizi ni mikataba miwili: mmoja wa kifaa, mmoja wa laini. Kuvunja wa laini hakufuti deni la kifaa. Ulizeni gharama ya kuvunja kila mmoja kabla ya kusaini.

Agizeni kwa intaneti, hata kama simu mmeichagua dukani kwa macho. Kabla ya kulipa kampuni inatakiwa kuwapa muhtasari wa mkataba: bei, muda, na namna ya kutoka. Someni mstari wa kupanda kwa bei. Kwa mikataba iliyofungwa kuanzia 17 Januari 2025, Ofcom imepiga marufuku kupandisha bei kwa kufuata mfumuko. Nyongeza lazima iandikwe tangu mwanzo kwa pauni na peni, na tarehe yake. Ikiwa imeandikwa mkakubali, haiwapi sababu ya kutoka. Wakija kubadilisha masharti kwa kuwaumiza nje ya yaliyoandikwa, lazima wawape taarifa ya mwezi mmoja na ruhusa ya kuondoka bure.

Siku mnayoletewa simu haihesabiwi. Siku 14 zinaanza kesho yake. Kama ni laini peke yake, zinahesabiwa kuanzia kesho ya siku mkataba ulipofungwa. Wiki ya kwanza ipimeni kama nilivyoeleza, msisubiri ya pili. Mkiamua kughairi, andikeni barua pepe yenye tarehe, mtunze nakala, kisha rudisheni simu ndani ya siku 14 nyingine kwa posta yenye risiti. Kampuni inaweza kuwatoza dakika na data mlizotumia, na inaweza kukata kama simu imekwaruzwa, kwa hiyo itunzeni pamoja na boksi na plastiki zake.

Na wewe utakapofanikiwa kutoka, usifunge laini yako kwanza, utapoteza namba. Tuma neno PAC kwenda 65075 kutoka kwenye laini hiyo, utajibiwa msimbo wa kuhamisha namba na gharama zilizobaki za kutoka, kama zipo. Msimbo unaishi siku 30. Upe mtandao mpya, namba inahamia huko ndani ya siku moja ya kazi na laini ya zamani inajifunga yenyewe. Ombi hilo halikufungi kitu, kwa hiyo unaweza kulituma hata leo, ili ujue wanakudai kiasi gani kabla hujaandika malalamiko.